Maziwa ya Saa Nne

Saa nne asubuhi mashine zilizimwa, na wafanyakazi wa kinu cha mpunga wakatoka nje wakiwa weupe kwa vumbi kuanzia nyusi hadi ndala. Hawakwenda kukaa kivulini. Walikwenda moja kwa moja kwenye uwanja wa zahanati ya kinu, kila mtu na kikombe chake cha bati, wakapanga foleni ya maziwa. Muuguzi alikuwa ameshayachemsha kwenye sufuria kubwa, na mwenye kuyagawa alikuwa daktari wao mwenyewe, mzee wa kijiji cha Ngonga, mrefu, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alimimina kikombe kimoja kimoja, akamsalimu kila mtu kwa Kinyakyusa, akauliza habari za nyumbani. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa fundi wa mashine ya kukobolea, Mkisi wa kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mtu wa mizaha. Alikunywa funda moja, akapiga kifua chake ngumi, akasema, "Sasa njia imefunguka." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, ila kwa sababu nyingine.

Ungemuuliza yeyote pale maziwa ni ya nini, angekushangaa. Ya kuosha vumbi kifuani, ya nini tena? Nchi nzima inajua hivyo. Wachomeleaji wanajua, wapaka rangi wanajua, na baba yangu, aliyekuwa na duka Mbugani, hapa Kyela mjini, siku ya kushusha saruji alikuwa akitutuma maziwa ya wapagazi kabla lori halijafika. Nilipokwenda kusomea udaktari ndipo nilipofundishwa kwamba maziwa yanakwenda tumboni, vumbi linakwenda kwenye mapafu, na hivi viwili havikutani njiani. Sikuwahi kumwambia baba. Kuna mambo mtoto hamwambii mzazi mwenye lori la saruji mlangoni.

Sisi mpaka leo tunaitwa watu wa pwani, ingawa babu yangu alifika Kyela na bidhaa zake kabla barabara haijastahili jina hilo, na makaburi yetu yako hapa. Nilirudi nyumbani miaka ya ruksa. Madukani kulikuwa kumejaa redio za kaseti, mitumba na sabuni za kila rangi, na mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa moja baada ya jingine. Mradi mmoja uliniajiri niwafundishe madaktari wa sehemu za kazi: wa kinu cha mpunga, wa maghala ya kakao, wa bandarini Itungi, wa mashamba ya chai kule juu kwenye baridi. Somo lenyewe lilikuwa jipya siku hizo. Tuliliita tiba kwa ushahidi. Kwa maneno machache lilisema: usimpe mgonjwa dawa kwa sababu ulimkuta mkubwa wako akiitoa. Mpe kwa sababu wapo waliochunguza kwa makini wakaona inasaidia, na uwe tayari kuonyesha walichokiona.

Tulikodi ukumbi mjini wenye paa la bati. Kyela mvua hainyeshi kwa adabu, ikianza kunyesha mwalimu ananyamaza na kuungana na wanafunzi kutazama dirishani. Siku ya kwanza waliuliza posho, kisha soda, kisha nani atasaini vyeti. Sikuwalaumu. Zahanati za viwandani zilikuwa zinafungwa, na hakuna aliyekuwa na hakika kama mwakani atakuwa na koti jeupe la kuvaa. Nikaandika ubaoni maswali manne: Mgonjwa ni nani? Anapewa nini? Badala ya nini? Ili iweje? Nikawaambia kila mmoja achague jambo moja linalofanyika kazini kwake kwa mazoea tu, alipitishe kwenye maswali hayo, atafute ushahidi, na siku ya kufunga mafunzo asimame atuambie amepata nini.

Daktari wa bandari alichagua sindano za vitamini. Wa mashamba ya chai alichagua picha za eksirei za kila anayeajiriwa. Mzee wa kinu alisema amechagua maziwa.

Wenzake waligeuka kumtazama. Wote walijua kwamba maziwa yale aliyaleta yeye. Enzi za shirika la umma alikwenda akaketi kwenye benchi nje ya ofisi ya mkubwa wake, akarudi kesho yake akaketi tena, hadi mkubwa yule akachoka kumpita akakubali. Maziwa ndiyo yalikuwa jina lake pale kazini. Wakati wa chai nilimfuata.

"Baba, si lazima maziwa," nilimwambia. "Chagua dawa za kikohozi. Hizo hazina mwenyewe."

Alinitazama juu ya miwani. "Mwanangu, umetufundisha kuuliza, au umetufundisha kuwauliza wenzetu?"

Tangu saa ile nilimpenda mzee yule kama mtu anavyompenda mwanafunzi mmoja tu katika maisha yake yote ya kufundisha.

Nilikuwa nimebeba kutoka Dar es Salaam mfuko mzima wa makala zilizotolewa fotokopi. Nyingine niliandika kuziomba, zikaja kwa posta zimelowa pembeni. Mzee alizisoma kwa Kiingereza chake cha polepole, kamusi pembeni, anatembeza kidole kwenye mstari. Hatukukuta hata utafiti mmoja wenye kichwa na miguu unaosema maziwa yanaosha vumbi. Lakini wakati tunatafuta tulikuta mengine: kufunika mdomo wa mashine pale vumbi linapotokea, kufunga feni ya kulifyonza na kulitupa nje, kuwapa watu barakoa za kuzuia vumbi. Mzee alifurahi hata akasahau kunywa chai yake. Alichora feni nyuma ya makala, akaonyesha bomba lake lipite wapi, ukuta upi utobolewe, na fundi asimame wapi ili aupe upepo mgongo.

"Kumbe miaka yote nilikuwa nachota maji kwa pakacha," alisema. Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu aliyeonyeshwa njia fupi ya kwenda kwao.

Nilimsimulia mama yangu jambo hilo, naye alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Nilikuwa nimevimba kichwa kwa furaha. Mama hakuinua macho.

"Usiache mbachao kwa msala upitao," alisema. "Hiyo feni mmeshaiona?"

Nikamwambia mama, haya ni mambo ya sayansi. Naye akaendelea kutoa mawe kwenye mchele.

Kuwaalika waajiri siku ya kufunga mafunzo lilikuwa wazo langu. Niliona fahari waje waone madaktari wao wanavyofikiri. Kinu kilikuwa kimeshapata mwenyewe mpya, mtu wa mbali tusiyewahi kumtia machoni, na aliyekuja kwa niaba yake ni meneja kijana, shati limenyooshwa vizuri, mpole, anayeandika kila kitu. Siwezi kusema alikuwa mtu mbaya. Nilijaribu kwa miaka mingi kusema hivyo, na haikunisaidia.

Mzee alisimama akaeleza kwa Kiswahili chepesi ambacho hata mpika chai wetu alikifuata. Alisema maziwa hayafiki kwenye mapafu. Alisema yeye ndiye aliyeyaleta, na yeye ndiye anayekuja kukiri kwamba hayaoshi kitu. Kisha akainua mchoro wake wa feni, akaeleza kwamba fedha ya maziwa ikiwekwa pamoja na nyingine kidogo, watu wataacha kula vumbi kabisa. Meneja alipiga makofi, na wengine wakamfuata. Mimi nilisimama nyuma ya ukumbi machozi yananilenga. Nilijiona nimefundisha.

Wiki iliyofuata maziwa yalikatwa. Mleta maziwa wa Ngonga aligeuzwa getini na baiskeli yake. Wafanyakazi walipouliza, waliambiwa ukweli mtupu: daktari wenu mwenyewe amesema hayana faida, tena mbele za watu.

Tulisubiri feni. Tuliposubiri vya kutosha tulikwenda pamoja kwa meneja, mzee na mimi. Alitukaribisha vizuri, akaagiza soda.

"Feni ni jambo jema," alisema. "Lakini nami nimejifunza kwenu. Hizo karatasi mlizosoma, uchunguzi ulifanyika wapi? Kwenye kinu kama hiki? Kwa mpunga wa hapa? Mwenye mali yuko mbali, na kila senti anaiuliza swali. Nileteeni ushahidi kwamba vumbi letu sisi linaumiza watu wetu sisi, nitampelekea siku hiyo hiyo."

Hakusema kwa kejeli. Alikuwa ameelewa somo, au ameelewa nusu yake iliyomfaa, na mimi ndiye niliyempa. Kupata ushahidi wa aina hiyo kunataka kipimo cha vumbi tusichokuwa nacho, na picha za vifua, na miaka ya kufuatilia watu wale wale. Mradi wetu ulikuwa unakaribia kufungwa. Mzee alimaliza soda yake, akashukuru, tukatoka.

Tulikuwa tumeshavuka geti na kufika barabarani ndipo hasira iliponipanda. Mbona kuondoa maziwa hakukutaka ushahidi wa hapa? Mbona hakuuliza kama kuna aliyewachunguza wanywaji wa Kyela? Nililisema kwa sauti, nikamwambia mzee turudi. Mzee alishika kiwiko changu kama mtu anayemvusha mtoto.

"Jibu zuri," alisema. "Lakini tumeshakunywa soda yake."

Kwa Wanyakyusa maziwa si soda. Ni chakula cha kumpa mkwe, cha kumpa mgeni unayetaka ajue kwamba umemwona. Kumzoesha mtu maziwa kisha kumnyima ni kumwambia kwamba ulimhesabu vibaya mwanzoni. Kina mama wapepetaji walikuwa wakinywa nusu, nusu wanaitia kwenye chupa ya kwenda nayo nyumbani, jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyeliandika ubaoni. Hawakumtukana mzee. Walimsalimu kama kawaida, mugonile, kwa goti lililokunjwa vizuri, wakapita. Ila hawakuingia tena zahanati. Aliyeumwa kichwa alinunua vidonge mjini, aliyejikata alijifunga kitambaa.

Siku moja nilimkuta mzee ameketi kwenye benchi la zahanati saa nne hiyo hiyo, uwanja mtupu, kinu kinanguruma nyuma ya ukuta kwa sababu sasa hakikuwa na haja ya kusimama. Nilikaa naye. Akaniambia kitu ambacho nimekibeba mpaka leo.

"Mimi, mwanangu, sikuwa nagawa maziwa tu. Nilikuwa natazama foleni. Mtu anayeanza kuishiwa pumzi hasemi. Mwanaume wa hapa hasemi, na wa kule ufukweni ndiyo kabisa. Lakini kutoka kwenye mashine mpaka hapa kuna kile kipandio kikali cha kutokea kinuni. Aliyekuwa mbele jana, leo namwona katikati. Wiki nyingine namwona mwisho. Hapo namwita ndani, namwambia njoo unisaidie kubeba sufuria, namsikiliza kifua. Wangapi nimewapeleka hospitali mapema kwa namna hiyo! Sasa kila mtu yuko kwenye mashine yake. Nitamwona nani?"

"Mbona hukusema?" nilimuuliza. "Mbona siku ile hukusema?"

"Sikujua kwamba ndiyo kazi niliyokuwa nafanya. Uliponiuliza, ili iweje, nilijibu nilichokuwa nakiamini. Ili vumbi lioshwe."

Nilimwangalia nikitafuta lawama usoni pake, nisiione. Ningefurahi kuiona. Nilijua la kumjibu mtu anayenilaumu, kwa sababu nililofundisha lilikuwa kweli. Maziwa hayaoshi mapafu, hayakuosha jana na hayataosha kesho, na kama ningeulizwa tena leo ningejibu vivyo hivyo. Ndiyo maana jambo hili haliniachi. Laiti ningekuwa nimekosea, ningetubu yakaisha.

Mzee aliomba basi aruhusiwe kuwapima wafanyakazi wote vifua kila baada ya muda. Meneja alikubali, kwa sharti kwamba wanaotaka waje baada ya kazi. Baada ya kazi watu wa Ngonga wana mashamba ya kupalilia, na watu wa ufukweni wana safari ndefu. Hakuja mtu. Zahanati nayo ilikuwa imeshawekwa kwenye hesabu ya mambo ya kupunguzwa, maana daktari asiye na wagonjwa ni rahisi kumpunguza.

Yule fundi wa mizaha nilikutana naye Mbugani, kwenye duka la dawa. Maduka hayo yalikuwa yamechipua kama uyoga, kila moja na kabati la vioo na kijana anayekuhesabia kapsuli za rangi mbili kadiri ya ulichonacho mfukoni. Fundi alikuwa amesimama anashikilia meza ya duka. Nilidhani ameegemea tu. Alipogeuka kunisalimu nikaona mabega yake yanapanda na kushuka kwa kazi ya kuvuta pumzi.

"Kaka, hiki kifua umemwonyesha mzee?"

"Kifua kizuri, dada. Mvua tu hizi."

"Kamwone mzee. Leo hii. Twende nikusindikize."

Alicheka, kicheko kikamgeukia kikohozi, akangoja kiishe. "Pale zahanati siku hizi kuna nini, dada? Zamani tulikuwa tunaitwa. Sasa mtu akienda peke yake wenzake wanasema amekwisha, meneja naye anasikia. Fundi aliyekwisha nani atamwachia mashine? Mke wangu anafinyanga vyungu, lakini vyungu havisomeshi watoto wote." Akapokea kapsuli zake kwenye karatasi ya gazeti. "Ndaga fijo, dada, asante sana. Salamu kwa mama dukani."

Nilikwenda kumwambia mzee. Mzee aliacha kila kitu, akaenda hadi ndani ya kinu, akasimama kando ya mashine akimpigia kelele za kirafiki juu ya mngurumo. Fundi akamjibu kwa ishara ya mkono kwamba yuko sawa, aje kesho. Aliendelea kumjibu hivyo hadi mvua zilipokolea, barabara ya ufukweni ikajaa maji, na siku moja wenzake wakambeba kutoka kwenye mashine kwa sababu hakuweza kupanda kile kipandio. Hospitali walifanya kila waliloweza. Mapafu hayakuwa na nafasi iliyobaki. Mzee alikaa naye tangu alipoingizwa, na ndiye aliyemfumba macho.

Tulimzika kwao, ufukweni, ziwa limechafuka kwa maji ya mito. Kando ya nyumba vyungu vya mkewe vilikuwa vimepangwa vikisubiri siku kavu ya kuchomwa ambayo haikuja. Watu walikuwa wengi, na kinu chote kilikuwapo. Meneja alikuja pia, viatu vyake vizuri vimejaa tope, na alikuwa amelia, niliona. Alimtafuta mzee, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema taratibu, kwa nia njema kabisa, kwamba ameongea na mwenye mali kwa simu, amemweleza kila kitu, na feni itanunuliwa. Sasa, alisema, hana tena cha kuuliza.

Nilifungua mdomo nimpe maneno yote niliyokuwa nimeyaweka tangu siku ile ya soda. Mzee akaniwahi. Alimwinamia meneja kidogo, akamwambia, "Ndaga fijo," kwa kuwa feni ilikuwa jambo jema na wengine walikuwa bado hai. Meneja alipokwenda kukaa, mzee akanigeukia.

"Usimchukie, mwanangu," alisema. "Aliomba ushahidi wa hapa. Tumempa."

Nikaenda kuketi kwenye mkeka pamoja na kina mama wapepetaji. Walinisogelea wakanipa nafasi, nikalia mpaka mjane mwenyewe akaja kuninyamazisha.